Umbea wa Mwanakombo

Nyumba yetu ya Bin Mahmoud, mjini Doha, ilikuwa na sheria moja, nayo haikubandikwa ukutani kwa sababu kupigilia msumari kungeivunja: kimya, watu wamelala.

Usiulize saa ngapi. Saa yoyote. Japheth, mlinzi kutoka Bungoma, alilinda ghala kule Industrial Area usiku kucha, basi la kampuni likamrudisha jua limeshapanda, akaanguka kitandani na viatu vyake. Akiamka yeye, Sharifa ndiyo anaingia kutoka hoteli ya Al Sadd, alikokuwa akitandika vitanda vya watu tangu alfajiri, naye anakitafuta chake. Saidi, mumewe, alikuwa dereva wa hoteli hiyohiyo, wa kupeleka na kupokea wageni uwanja wa ndege, kwa hiyo usingizi aliula kidogokidogo kama karanga. Nikabaki mimi, Abubakari, Abuu kwa wanaonipenda na kwa wanaonivumilia. Nilikuwa dobi wa hoteli, zamu ya jioni. Maana yake asubuhi nzima niko macho, na nikiwa macho nina mdomo, na katika nyumba ile mdomo wangu uliwekwa kundi moja na moto na mafuriko.

Kuta ndizo zilizotuponza. Saidi alipanga fleti ya vyumba viwili, akaikata kwa plaiwudi ikawa ya vinne, na plaiwudi ya Doha haizuii kitu. Ukipiga chafya chumbani kwako, pole inatoka chumba cha tatu. Basi tukajikuta, bila mkutano wala mwenyekiti, tunaongea kwa mikono. Kiganja shavuni: kalala. Vidole mdomoni: chakula. Viganja kukung'utana: kimeisha, umechelewa, nenda kwa Mhindi wa chini ukanunue mkate. Kila mtu alikuwa na alama yake. Saidi ni usukani. Sharifa ni kubana ushungi chini ya kidevu. Japheth ni mkono kwenye paji la uso, kama ukingo wa kofia ya mlinzi. Mimi ni kuvuta sikio, kwa sababu ya masikio ambayo Mungu alinipimia bila kutazama mizani.

Hatukuwa na zaidi ya hapo. Alama moja, jibu moja, kazi imeisha. Unanyoosha shingo jikoni, unavuta ushungi wa hewa, unauliza kwa nyusi. Japheth anakujibu kiganja shavuni. Wewe unazima redio ambayo hata hukuwa umeiwasha.

Ndani ya nyumba hiyo ndimo alimozaliwa Mwanakombo.

Mwanakombo, binti wa Saidi na Sharifa, alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitatu mwaka ule wa 2009, na hakuwa ametamka neno. Si mama, si baba, si hata hapana, neno ambalo watoto wengine hutoka nalo hospitali. Kulia alilia, lakini kwa adabu, akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Hakuwa kiziwi. Daktari alimpima akasema masikio mazima, na mimi nilikuwa na kipimo changu: fungua pakiti ya biskuti jikoni, taratibu, kama mwizi, ujikute unatazamwa na mtu mfupi.

Kila Ijumaa bibi yake alipiga simu kutoka Tanga. Bibi yule hakuamini kwamba waya unaweza kubeba sauti mpaka Arabuni bila msaada, kwa hiyo alisaidia kwa kupiga kelele.

"NIPE MJUKUU WANGU NISEME NAYE!"

Saidi anaikandamiza simu kifuani ili sauti isimwamshe Japheth, kisha anaiweka sikioni mwa mtoto. Mwanakombo anasikiliza, macho yamemtoka. Anapumua.

"MBONA HASEMI?"

"Anakusikia, mama."

"NG'OMBE NAYE ANANISIKIA!"

Mpaka Ijumaa moja Bibi akatoa hukumu. Mtoto aletwe Tanga. Huko Arabuni mmemfunga ulimi. Huku kuna watoto uwanja mzima, atasema kabla ya Maulidi. Na kwa kuwa Saada, dada mkubwa wa Saidi, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja hapohapo Al Sadd, alikuwa anakwenda likizo Ijumaa inayofuata, basi aje naye.

"Haya, mama," Saidi akasema.

Sharifa alikuwa mlangoni, sabuni mikononi. "Haya nini?"

"Mama kasema."

"Na mimi mama yake nani? Mkataba wangu haujafika hata nusu, Saidi. Akienda, atarudi lini? Nikimwona tena atakuwa anavaa sare ya shule, ananiita dada!"

"Sauti," Saidi akanong'ona, akiwa ameweka kiganja shavuni.

Hebu fikiria. Mke anapigania mtoto wake, naye inabidi apiganie kwa kunong'ona. Sharifa alirudi jikoni akaosha sufuria moja mpaka nikadhani anataka kuona upande wa pili. Toka siku hiyo akawa hali chakula vizuri. Begi dogo la mtoto, la rangi ya waridi, likakaa juu ya kabati, na kila alipopita alilitazama kama nyoka.

Nikasema, wacha tuokoe jahazi. Tukawa tuna wiki moja ya kumfanya Mwanakombo aseme.

Japheth alikuwa wa kwanza kujitolea. Kabla ya kuja Doha alifundisha watoto katekisimu kanisani kwao, na aliamini kila kitu kinaingia kichwani kwa kurudiwa. Akirudi kazini, kabla ya kulala, anamkalisha Mwanakombo mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Sema: ma-ji," ananong'ona.

Mwanakombo anamtazama.

"Ma-ji."

Mwanakombo anaegemea mbele, anamtazama ndani ya mdomo kuona maji yako wapi.

"Buda, mtoto ni kama simu mpya," Japheth aliniambia. "Ni lazima uweke laini. Bila laini ni kipande cha plastiki tu. Hii lugha inafunzwa, Abuu. Haimei kama nywele."

"Acha bwana," nikamwambia. "Lugha mtu anazaliwa nayo. Inakaa humo inasubiri. Nani alikufundisha kupiga miayo?"

"Miayo si lugha."

"Nani alikufundisha kukoroma?"

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma, tena unakoroma Kibukusu. Juzi nimesikia umemaliza sentensi nzima."

"Enda huko! Kama anazaliwa nayo, mbona haisemi? Ameiacha wapi, hospitali?"

Hapo alinipata. Mimi nimeishia kidato cha nne, na baiolojia yangu iliishia kwenye mende. Lakini dobi hashindwi hadharani. Nikajaribu njia yangu: mtoto asifundishwe, amwagiwe tu. Nikawa namtangazia mpira. Nakunja shuka, natangaza kwa kunong'ona, "anaingia, anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, lahaula, kapaisha!" Mwanakombo akapenda sana. Alikuwa akipiga makofi yasiyo na sauti, viganja vinakaribiana halafu vinasimama kabla ya kugusana. Lakini neno, hakuna. Katikati ya wiki ikafika, nikaanza kulitazama begi la waridi kama Sharifa.

Sasa ndiyo tukafika kwenye kaimati.

Sharifa alikuwa amempikia Saidi kaimati, zile za shira nzito inayong'ang'ania, akaziweka kwenye bakuli lenye mfuniko juu ya friji. Asubuhi ile tulikuwa watatu nyumbani: Japheth amelala, mimi, na Mwanakombo. Yaliyotokea yalitokea. Mimi nilikula moja, labda na wenzake wachache, ili moja isijisikie mpweke. Mtoto nilimpa yake, kama hongo, ingawa nilijua hongo haikuwa na maana, maana angesema kwa kinywa kipi?

Mchana Sharifa akarudi. Hata hajavua viatu, Mwanakombo akamfuata, akasimama mbele yake, akanyanyua mikono. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, napiga pasi shati langu, moyo mweupe.

"Shemeji Abuu!" Sharifa akaniwakia kwa mnong'ono. "Kaimati za mume wangu umezimalizaje zote? Tena umengoja Saidi atoke na gari!"

"Mimi? Nani kasema?"

"Si huyu hapa anani..."

Pasi ikaanza kunukia. Sote wawili tukageuka, tukamtazama Mwanakombo, naye akatutazama sisi, kama mtu anayesubiri kesi iendelee.

"Rudia," Sharifa akasema. "Mwambie mama tena. Abuu kafanyaje?"

Mwanakombo akashusha pumzi. Watu wazima wanachosha. Akashika usukani, akausukuma mpaka mlangoni: baba katoka. Akavuta sikio. Vidole mdomoni, mdomoni, mdomoni, mdomoni, haraka, na mashavu ameyavimbisha. Akaonyesha juu ya friji. Akakung'uta viganja. Halafu akaongeza kitu ambacho hakuna mtu mzima wa nyumba ile aliyewahi kukifanya: akashika usukani tena, safari hii polepole, mabega yameanguka, kichwa kimelala upande, akavigeuza viganja vitupu juu.

Baba atarudi amechoka, hatakuta kitu.

Nilikaa chini. Si kwa aibu, aibu mimi sina. Kwa sababu ghafla niliona kwamba tumekuwa tukimwelewa siku zote. Nani alikuwa akiniambia kila asubuhi kwamba maji ya bafuni yamekatika? Nani aliyemwarifu Sharifa kwamba Japheth karudi mapema ana homa? Tulikuwa tunajua mambo na hatujiulizi tumeambiwa na nani. Sisi tulikuwa na vialama vya kuombana chumvi. Mtoto akavichukua, akavishona, akaweka mbele na nyuma, nani kamfanyia nani, akiwa na huzuni ya pembeni na mashavu ya kunidhalilisha. Nasi tumekaa tunamchungulia mdomo, tunangoja ma-ji.

"Muulize yeye kala ngapi," nikasema.

Sharifa akamuuliza. Mwanakombo akakung'uta viganja kwa uso wa mtakatifu. Hata moja. Shira ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye kitovu.

"Shemeji," nikasema, "huyu anasema kabisa. Tayari anadanganya."

Sharifa akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akacheka mpaka akateleza ukutani akakaa chini. Plaiwudi ikatikisika. Kutoka chumba cha tatu ikaja sauti ya Japheth, nzito ya usingizi: "Manze, kwani kuna nini huko?"

Kumwambia Saidi kulikuwa kazi nyingine. Saidi ni mtu mwema lakini kichwa chake ni cha barabarani, kinataka taa nyekundu na kijani. Alitusikiliza, akakuna ndevu.

"Hizo ni ishara."

"Ni maneno, Saidi," Sharifa akasema.

"Maneno yanatoka mdomoni."

"Kwa hiyo ukipiga indiketa husemi kitu?" nikamuuliza. "Wenzako barabarani wanadhani gari inakonyeza?"

"Abuu, usinichanganye. Mama atapiga simu Ijumaa. Nimwambie nini? Mjukuu wako kakusalimia, bahati mbaya hukuona?" Akakaa kitandani, akafikiri. "Dada Saada ndiye atakayeamua. Mama anamwamini. Dada akisema mtoto anasema, begi linashuka. Akisema hasemi, anaondoka naye. Khalas, imekwisha."

Tukatazamana na Sharifa. Da Saada! Mwanamke huyo alikuwa na mambo mawili: hacheki, na hasemi uongo. Alikuwa amelea watoto wa familia ile ya Al Sadd toka wachanga, na aliwaamini watoto kuliko anavyowaamini watu wazima, lakini si sana. Siku moja alimwambia bosi wake kwamba keki yake haina ladha, kwenye sherehe, mbele ya wageni. Huwezi kumpanga mtu kama yule.

Ijumaa akafika mapema, baibui limenyooka, begi lake kubwa limefungwa kamba, tiketi mkononi. Ndege ilikuwa ya jioni. Japheth alikuwa ndiyo kwanza amelala. Tulikaa sebuleni, ambayo ni kipande cha korido kilichowekwa zulia, Mwanakombo katikati, kama mshitakiwa.

"Haya," Da Saada akasema kwa sauti ya kawaida, nasi sote tukaruka. "Nimeambiwa ana la kusema."

"Mwana, mwambie shangazi," Sharifa akamhimiza. "Mwambie Abuu alifanya nini."

Mwanakombo akamtazama shangazi yake. Akatazama zulia. Akagundua kidole gumba cha mguu wake, akakipenda.

"Mwambie kuhusu baba," Sharifa akasema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Kidole gumba.

Nikavuta sikio, nikatafuna hewa, nikajidhalilisha mwenyewe kwa ajili ya haki. Da Saada akanitazama. "Huyu naye hasemi?"

"Wifi, nakuomba, mngoje kidogo tu..."

"Sharifa mdogo wangu." Da Saada alilainika kidogo, na hilo lilinitisha kuliko ukali. "Mimi najua uchungu wa mtoto. Lakini mama ameshaandaa, watu wameshaambiwa. Saidi, shusha begi."

Saidi akasimama, akalishusha begi la waridi. Sharifa hakulia. Aliinama tu akaanza kumvalisha mtoto soksi, na soksi moja ikakataa kuingia, akajaribu, akajaribu.

Da Saada akatoa simu yake amjulishe mama kwamba wanakuja. Akaiweka sauti ya nje, ili sote tushuhudie.

"ALO! SAADA! MMESHATOKA?"

Kuta zilitikisika. Chumba cha tatu kitanda kikalia. Na Mwanakombo akajichomoa mikononi mwa mama yake, soksi moja mguuni, akamwendea shangazi akiwa amekunja uso. Akamgusa goti apate kutazamwa vizuri. Mkono kwenye paji: kofia ya mlinzi. Kiganja shavuni. Kisha akarusha mkono nyuma ya bega lake, kama mtu anayetupa kitu alikotoka, akaushika utosi kwa mikono miwili na kufumba macho kwa uchungu. Akamnyooshea kidole Da Saada. Akaionyesha simu. Akaunyoosha mkono wote, mpaka ncha ya kidole, kuelekea mlangoni.

Da Saada akasimama wima. "Ati! Mtoto ananifukuza!"

"NANI ANAKUFUKUZA?" simu ikauliza.

"Mwanakombo! Ananiambia nitoke nje mimi na kelele zangu, mlinzi kalala, jana kashinda anaumwa kichwa! Mtoto hana adabu hata kido..."

Hakuna aliyemtafsiria. Hakuna aliyetikisa hata ukope. Da Saada alibaki mdomo wazi, mkono mmoja kiunoni, akisikiliza maneno yake mwenyewe yanavyotua.

"MWANAKOMBO KASEMA YOTE HAYO?"

Wallahi nilisikia friji ikishika pumzi. Mwanamke asiyesema uongo alimtazama mtoto. Mtoto bado ameunyoosha mkono mlangoni, hajashusha hata inchi.

"Kasema, mama," Da Saada akajibu taratibu. "Yote."

Kilichotoka kwenye ile simu kilikuwa kigelegele. Bibi peke yake alitosha ukumbi. Plaiwudi ikaachia msumari. Mlango wa chumba cha tatu ukafunguka, Japheth akatokea amejifunga shuka, rungu la kazini mkononi, macho hayajafunguka. "Wapi mwizi?"

"MBONA SIKUMSIKIA MIMI?" Bibi akauliza, akihema.

"Kasema kwa mikono."

Kwa mara ya kwanza Bibi akashusha sauti.

"Kwa mikono ya nani?"

"Yake mwenyewe, mama. Nyumba hii hawaongei, wanapungiana kama mabubu. Mtoto kajifunza walichokuwa nacho, akakizidisha. Mimi sijafundishwa, na nimemwelewa mpaka nimekasirika."

"MUULIZE BASI ANATAKA KUJA KWANGU?"

Da Saada akamuuliza. Mwanakombo akafikiri. Bibi hakuwa na alama; hakuna aliyewahi kuhitaji kumtaja jikoni. Mtoto akaweka ngumi sikioni kama simu, halafu akafungua mdomo kuliko ulivyoweza kufunguka, akayumba nyuma kama mtu aliyepigwa na upepo. Akainua nyusi.

"Anasemaje?"

Da Saada alikohoa. Ukweli una gharama zake. "Anauliza, huyo... ni yule anayepayuka kwenye simu?"

Saidi akafunika uso. Lakini Bibi alicheka. Alicheka kicheko kirefu chenye kikohozi katikati, akasema hajaitwa vile tangu mumewe afariki. Hapo Sharifa alisogea karibu na simu, bado amepiga magoti, soksi ya pili mkononi, na kwa mara ya kwanza toka nimfahamu nikasikia sauti yake halisi, ya kutosha chumba.

"Mama, shikamoo. Hapa mwanangu anasema. Anaongea na baba yake, anaongea na mimi, anamgombeza shangazi yake. Huko Tanga nani atamjibu? Mkimchukua ndiyo mtamfanya bubu."

Sote tulikuwa tunamtazama Saidi, na Saidi alikuwa akimtazama binti yake, ambaye alikuwa amemgeukia yeye sasa. Usukani. Halafu akajikumbatia, akatikisa kichwa kuelekea begi. Baba, mimi hapana.

Saidi akalichukua begi la waridi, akalirudisha juu ya kabati, akalisukuma nyuma kabisa mpaka likagonga ukuta. "Mama," akasema kwa nguvu, "mtoto anabaki. Ana kazi hapa, ndiye anayeendesha nyumba."

"BASI MTOENI NJE!" Bibi akajibu. "MPELEKENI PENYE WATU WANAOPIGA KELELE, NA MDOMO NAO UPATE HEWA! WAARABU HAWANA UWANJA WA WATOTO?"

"Kila alasiri nitampeleka," nikajitolea.

"HUYO NANI?"

Da Saada akanitazama, akatafuta neno la kweli, akashindwa. Akavuta sikio lake.

Jioni, kwa kuwa Ijumaa sina zamu, tulimsindikiza wote, hata Japheth, aliyesema usingizi wake umeshakufa na hauna haja ya mazishi. Njiani Da Saada alikaa nyuma na Mwanakombo, na hakuongea na sisi hata kidogo. Nilipogeuka nilimkuta amekunja uso kama mtu kwenye mtihani, anauliza kwa kidole: hii je? Na hii? Ngamia kwenye tangazo la barabarani akapata jina pale pale. Japheth naye akapewa alama ya pili, ya kukoroma, nikamwambia aone mwenyewe, mtoto hakufundishwa na mtu. "Amefunzwa na nyinyi wote," Japheth akasema. "Mlimpa mbao, akajenga." "Na nyundo kaitoa wapi?" nikamuuliza. Tulibishana mpaka maegesho ya gari, na mpaka leo hatujamaliza.

Uwanja wa ndege ulijaa. Da Saada alipita ukaguzi, akafika upande wa pili wa kioo, pale ambapo wanaosindikiza huishia. Unajua panavyokuwa: watu wamejibandika kwenye kioo, mmoja anapiga kelele "umechukua dawa?", wa ndani anaweka kiganja sikioni, "eeh?", "DAWA!", "eeh?" Kinamama wa Manila, wazee wa Dhaka, wote wanapiga kelele na hakuna anayesikia kitu. Hata Saidi alikuwa anapayuka mambo ya chaja.

Mwanakombo alikuwa mabegani mwa baba yake, juu ya vichwa vya wote. Akapunga mara moja. Da Saada akasimama katikati ya njia, akaweka begi chini, akanyanyua mikono.

Anayepayuka, akasema kwa mikono. Mimi. Nitamwambia. Wewe. Halafu akarusha mkono nyuma ya bega: nitarudi.

Mwanakombo akatikisa kichwa kwa ukali. Hapana. Huko nyuma ni jana. Akarusha mkono wake mbele, mbali, karibu amng'oe Saidi pua. Rudia.

Da Saada akarudia. Alikosea tena. Nyuma yake foleni ikaanza kugongana masanduku, na ofisa mmoja kijana akamsogelea, akamwambia kitu, nadhani yallah, mama, yallah, songa mbele. Da Saada hakumgeukia hata kwa shingo. Alikusanya vidole vitano vya mkono wa kushoto, ncha kwa ncha, akamwinulia juu usoni kama kila mtu wa Doha anavyofanya: ngoja wewe, kuna mtu naongea naye. Na kwa mkono wa kulia akajaribu tena, akarusha mbele, mbali kadiri alivyoweza, akainua nyusi kumuuliza mwalimu wake kama sasa amepatia.